Okidi za Ardhini Nyumbani, Malindi na Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka kadhaa kutoka kwa majirani wa Malindi, kwa wapenzi wa maua wanaopita kwenye baraza yangu, na kwa jamaa walioko Lamu ambao hunipigia simu kila jani linapoanza kugeuka rangi. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayowapata wachache, na pale jibu moja linapohitaji jingine nimetaja namba ya swali badala ya kurudia maneno. Msimamo wangu utaonekana katika karibu kila jibu: okidi nyingi za ardhini zinazokufa katika mwambao huu haziuawi na joto. Zinauawa na maji, ama kwa chumvi iliyomo ndani yake, ama kwa kutuama chunguni.

## Misingi

1. Okidi ya ardhini ni ipi hasa, na inatofautianaje na ile inayoota juu ya miti?

Jamii ya okidi ina zaidi ya spishi 25,000 duniani, na nyingi kati ya zile za nchi za joto hukaa juu ya miti bila kuinyonya miti hiyo. Mkazi wa pwani huenda ameiona okidi chui, Ansellia africana, ikiwa imejikita juu ya mkoma au mbuyu, na maua yake ya manjano yakiwa yametapakaa madoa ya hudhurungi. Mizizi ya okidi ya namna hiyo huning'inia hewani au hushika gome, hunywa mvua na umande, kisha hukauka upesi. Ukiifukia udongoni itaoza.

Okidi ya ardhini huingiza mizizi yake udongoni kama mimea mingine, na mara nyingi huwa na matunguu yaliyokaa chini ya uso wa udongo au juu yake kidogo. Tunguu ni ghala la maji na chakula, nalo ndilo linaloiwezesha okidi kuvumilia miezi ya kiangazi. Kabla ya kununua, tazama ndani ya chungu. Ukikuta vipande vikubwa vya magome vilivyolegea na mizizi minene yenye rangi ya fedha inayotoka nje ya chungu, hiyo ni okidi ya mtini, na ushauri mwingi wa ukurasa huu hauihusu.

2. Je, joto la Malindi na Lamu si kali mno kwa okidi?

Si kali kwa zile zinazofaa. Dhana kwamba okidi hutaka ubaridi imetokana na aina zinazolimwa nyanda za juu, hasa za kundi la Cymbidium, ambazo huhitaji usiku wa baridi ili zichanue na ambazo huku kwetu hutoa majani mwaka baada ya mwaka bila hata ua moja. Okidi zilizotajwa katika swali la 3 zimezoea nchi ambazo joto la mchana hupita nyuzi 30 na usiku hauna baridi ya kutajwa, yaani hali kama yetu.

3. Mtu anayeanza achague aina gani?

Mimi humshauri kila anayeanza achukue Spathoglottis plicata. Asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, na jina hilo la kitaalamu lilitolewa na mtaalamu wa mimea Carl Ludwig Blume mwaka 1825. Majani yake ni marefu na yenye mikunjo, kiasi kwamba mgeni akiiona bila maua hudhani ni mnazi mchanga uliotoka juzi. Maua ni ya zambarau iliyopauka, ya waridi au meupe, na hufunguka moja baada ya jingine kwenye ncha ya bua, hivyo bua moja huendelea kutoa maua kwa majuma mengi. Haina harufu ya maana, kwa hiyo asitarajie mtu kuitia katika kikuba pamoja na asumini na mkadi. Hii ni ya kutazamwa.

Ya pili ni Eulophia petersii, ambayo ni ya bara letu wenyewe. Huota katika vichaka vikavu kuanzia Uarabuni hadi kusini mwa Afrika, ina majani magumu yenye kingo za msumeno mithili ya mkonge mdogo, na bua lake la maua huweza kupita urefu wa mtu. Inamfaa mwenye jua kali na muda mchache wa kumwagilia. Ya tatu, Eulophia speciosa, ina maua ya manjano yanayong'aa na hupenda mchanga unaopitisha maji. Ni nzuri mno, ila inataka subira, na nimeieleza zaidi katika swali la 20.

4. Nimeiona okidi msituni. Naweza kuing'oa nikaipande nyumbani?

Hapana. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013 ya kuhifadhi wanyamapori, ambayo mimea pia imo ndani yake. Msitu wa Arabuko-Sokoke na misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda si vitalu vya miche, na kaya zina heshima yake ambayo ni ya zamani kuliko sheria yoyote ya karatasi.

Hata tukiiacha sheria kando, ung'oaji haufaidishi. Okidi ya porini huishi kwa ushirikiano na kuvu waliomo katika udongo ule ule ilipoota, na ikihamishwa huachana nao. Itakaa miezi sita au mwaka ikila akiba ya tunguu, mwenyewe akidhani imekubali, kisha itatoweka. Nunua mche uliozalishwa kitaluni, au omba kipande kwa jirani aliyegawa yake.

## Udongo na chungu

5. Nichanganye udongo gani?

Kwa Spathoglottis mimi huchanganya sehemu mbili za makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole, sehemu moja ya mkaa uliopondwa, sehemu moja ya mboji iliyoiva vizuri, na sehemu moja ya udongo mwekundu wa kichanga kama ule wa Magarini. Mchanganyiko ulio sawa, ukiulowesha na kuubana mkononi, hushikana kidogo kisha husambaratika unapofungua vidole. Ukibaki donge, una udongo mzito mno.

Kwa Eulophia petersii punguza mboji hadi konzi moja kwa chungu kizima, na uongeze kokoto na mchanga mpaka viwe zaidi ya nusu.

Kuna vitu vitatu ambavyo watu hutumia kwa kuwa viko karibu, na vyote vitatu huleta madhara. Cha kwanza ni mchanga wa ufuoni, ambao una chumvi na vipande vya makombe. Cha pili ni matope ya mto Sabaki, ambayo yana rutuba lakini yakikauka chunguni huwa kama tofali. Cha tatu ni vipande vya mawe ya matumbawe, ambavyo wengi huvitia chini ya chungu ili maji yapite. Matumbawe ni chokaa. Maji yakiyapitia siku baada ya siku udongo hupoteza uchachu kidogo ambao Spathoglottis huupenda, na mizizi hushindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamo. Dalili yake utaiona kwenye majani mapya, ambayo hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Tumia vigae vya vyungu vilivyovunjika au vifuu vya nazi.

6. Kwa nini unasisitiza makumbi yaoshwe, ilhali ni kitu cha asili?

Kwa sababu makumbi hubeba chumvi. Mnazi wenyewe huvumilia chumvi na huihifadhi katika makumbi yake, na zaidi ya hapo, makumbi mengi ya Lamu na vijiji vya jirani yamefukiwa katika matope ya pwani kwa miezi kadhaa ili nyuzi zilainike kwa kusuka kamba. Makumbi ya namna hiyo yamejaa maji ya bahari. Nimewahi kumpa dada yangu mche wenye afya, naye akaupanda ndani ya mabaki ya makumbi yaliyotoka kwa wasuka kamba, na baada ya majuma matatu ncha za majani yote zilikuwa nyeusi.

Loweka makumbi katika ndoo ya maji matamu kwa siku moja, mwaga, jaza tena, na urudie hivyo kwa siku tano au sita hadi maji yaache kutoka mekundu kama chai. Yale yaliyofukiwa pwani ni bora uyaache kabisa.

7. Chungu cha udongo au kopo la plastiki?

Vyote vinafaa, mradi viwe na matundu ya kutosha chini. Chungu cha udongo hupumua na hukauka haraka, kwa hiyo humfaa mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia. Plastiki hushika unyevu, jambo linalosaidia wakati wa kaskazi lakini huwa hatari wakati wa mvua. Upana wa sentimita 20 hadi 25 unatosha mche wenye matunguu matatu au manne. Chungu kikubwa kupita kiasi hukaa na maji mahali ambapo mizizi haijafika, na maji hayo huchacha. Wakati wa kupanda, acha nusu ya juu ya tunguu ikiwa nje ya udongo.

## Maji

8. Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo lakini tunayanywa. Okidi itayavumilia?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo linaloamua kama okidi yako itaishi. Maji ambayo binadamu huyaona yana chumvi kidogo tu yanatosha kuidhuru okidi taratibu. Kila unapomwagilia, maji huondoka kwa kufukizwa na jua lakini chumvi hubaki. Kesho unaongeza nyingine juu yake. Baada ya miezi michache udongo wa chunguni huwa na chumvi nyingi kuliko kisima chenyewe, na badala ya mizizi kuvuta maji kutoka udongoni, udongo ndio unaoinyang'anya mizizi maji. Ndiyo maana mmea hunyauka chungu kikiwa kimelowa, na mwenyewe, akidhani una kiu, huuongezea maji yale yale.

Dalili zinazotangulia ni ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na ncha za majani zinazokauka kwa rangi ya kahawia, zikianzia majani ya zamani. Kama huna namna ya kupima, jaza sahani nyeupe maji ya kisima, iache juani mpaka ikauke, kisha fanya vivyo hivyo kwa kiasi kile kile cha maji ya mvua. Tofauti ya masalia itakuonyesha unachokiweka chunguni.

Tiba bora ni maji ya mvua, ambayo nimeyazungumzia katika swali la 10. Mtu asiyekuwa nayo ya kutosha na ayachanganye nusu kwa nusu na ya kisima, na mara moja kila mwezi akitie chungu maji matamu mengi, mara nne au tano ya ujazo wa chungu chenyewe, yapite na kutoka chini yakibeba chumvi. Usiache sahani ya kupokea maji chini ya chungu, kwa kuwa chumvi uliyoitoa itapanda tena. Maji ya kisima hubadilika pia kwa majira: kiangazi kinapokuwa kirefu na watu wakateka sana, chumvi huongezeka, kwa hiyo kisima kilichokuwa salama mwezi wa Julai huenda kisiwe salama mwezi wa Machi.

9. Nimwagilie mara ngapi kwa juma?

Siwezi kukupa idadi moja ya mwaka mzima, kwa kuwa mwaka wetu wenyewe haufanani. Tia kidole chunguni hadi kifundo cha pili. Kwa Spathoglottis, mwagilia sehemu hiyo inapokaribia kukauka lakini bado ina ubaridi wa unyevu.

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hilo huweza kuwa kila siku kwa chungu cha udongo kilicho barazani. Mvua kubwa zinapoingia, zile ambazo wazee wa Lamu huziita mvua za mwaka na ambazo Malindi hufikia kilele chake mwezi wa Mei, huenda usimwagilie kabisa kwa majuma kadhaa. Kazi yako wakati huo ni kuhakikisha chungu hakitwami maji. Mwagilia asubuhi. Maji yanayolala usiku katikati ya majani machanga ndiyo chanzo cha maozo yaliyoelezwa katika swali la 18.

Eulophia petersii ina kanuni yake: iloweshe vizuri, iache ikauke kabisa, kisha ingoje siku kadhaa zaidi.

10. Maji ya mvua kutoka paa la makuti ni salama?

Maji ya mwanzo hayafai, kwa kuwa hutoka na rangi ya kahawia, vumbi, vinyesi vya ndege na chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari. Acha mvua ioshe paa kwa robo saa ndipo uanze kukinga. Paa la mabati husafishika haraka zaidi. Nyumba za kale za Lamu zina birika na vijito vya kukusanyia maji ya darini. Ikiwa birika lenu limepakwa chokaa upya, subiri mvua mbili tatu zipite, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 5. Na kila chombo cha maji kifunikwe, kwa ajili ya mbu.

11. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, au maji yaliyooshea mchele?

Maji ya kiyoyozi yanafaa sana. Ni mvuke uliogeuka maji, hayana chumvi, na kiyoyozi kimoja huweza kujaza ndoo kwa usiku. Hayana lishe yoyote, kwa hiyo usisahau mbolea. Maji ya mchele yatumie mara moja moja tu, yakiwa mapya na bila chumvi ya kupikia. Yakizidi huvuta sisimizi na kufanya ukungu juu ya udongo.

## Mahali, mwanga na upepo

12. Nyumba yetu iko ndani ya mji wa Lamu na haina bustani. Kuna nafasi ya okidi?

Ipo, na kwa maoni yangu kiwanda cha ndani cha nyumba ya Lamu, yaani ule uwanja mdogo wa katikati ulio wazi kwa juu, ni mahali pazuri kuliko bustani nyingi za Malindi. Kuta nene huzuia upepo wa chumvi, hewa ina unyevu, na mwanga huingia kutoka juu. Tatizo lake ni kina: kuta zikiwa ndefu, jua hufika sakafuni kwa muda mfupi tu, na Spathoglottis huhitaji saa tatu hadi tano za jua laini ili ichanue. Inua chungu juu ya kibao au ngazi mpaka kipate mwanga huo. Darini napo panafaa, ila utahitaji chandarua cha kivuli au jamvi la makuti yaliyosukwa kwa nafasi, kwa kuwa jua la saa sita mchana juu ya sakafu nyeupe huunguza kutoka juu na kutoka chini.

Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni kwamba jua letu huhama. Lamu na Malindi ziko kati ya nyuzi 2 na 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na mwezi wa Desemba liko kusini. Chungu kilichokaa vizuri mbele ya ukuta unaotazama kaskazini wakati wa kusi kitajikuta kivulini wakati wa kaskazi, na mwenyewe atashangaa kwa nini kimeacha kuchanua bila yeye kubadilisha kitu. Baraza inayotazama mashariki, inayopata jua la asubuhi, ndiyo isiyo na taabu hiyo.

13. Tuko karibu na ufuo na upepo wa kusi unavuma moja kwa moja. Nifanyeje?

Kusi hubeba chembe za chumvi zinazotua majanini, na mikunjo ya majani ya Spathoglottis huzihifadhi. Suuza majani kwa maji matamu kila asubuhi baada ya usiku wa upepo mkali, na uweke kizuizi kinachopitisha hewa, kama vile ua wa makuti. Ukuta mtupu haufai, kwa kuwa upepo huuruka na kuanguka kwa kishindo upande wa pili.

## Mbolea na maua

14. Nitumie mbolea gani? Lamu samadi ya punda ni nyingi.

Samadi ya punda ni neema ikiwa imeiva na ni sumu ikiwa mbichi. Irundike kivulini, iloweshe na kuigeuza kwa miezi isiyopungua mitatu, hadi iwe nyeusi na inukie udongo. Kisha tia vijiko viwili vikubwa juu ya udongo kila baada ya miezi miwili, mbali na shina. Samadi ya mbuzi ni vivyo hivyo.

Anayetumia mbolea ya dukani ya kuyeyusha majini achague yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango vilivyo sawa, apunguze kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti hadi nusu, na aitie kila baada ya majuma mawili wakati mmea unakua. Mbolea nayo ni aina ya chumvi. Mwenye maji ya kisima yaliyoelezwa katika swali la 8 apunguze hadi robo, na asiitie kamwe katika udongo uliokauka.

15. Okidi yangu ina majani mengi na mazuri lakini haijachanua mwaka mzima. Kwa nini?

Tazama rangi ya majani kwanza. Kijani kilichokolea sana, na majani marefu yanayolala, ni dalili ya uhaba wa mwanga. Isogeze kwenye jua la asubuhi kidogo kidogo kwa majuma mawili, kwa kuwa ikitolewa kivulini kwa ghafla itaungua. Kijani kinachoelekea manjano kidogo ndiyo rangi ya okidi iliyo tayari kuchanua.

Ikiwa mwanga upo, huenda naitrojeni imezidi, kosa la kawaida kwa wenye samadi nyingi. Na ikiwa mche ni kipande kilichogawiwa karibuni, mpe mwaka.

16. Maua yakiisha, bua likatwe?

Lisikatwe mpaka likauke lenyewe. Spathoglottis huendelea kuongeza machipukizi kwenye ncha ile ile, na mara nyingine mche mdogo huota kwenye bua. Ukiuona, lipinde bua taratibu hadi mche uguse udongo wa chungu cha pili, ulishikilie kwa jiwe dogo, na uukate mizizi ikishafika urefu wa kidole. Bua la Eulophia petersii halirudii, hivyo likikauka likate.

## Kuzidisha na kuponya

17. Nitaigawaje bila kuiua, na je, naweza kuotesha mbegu?

Gawa mwishoni mwa Machi, ili mvua zikute mizizi mipya. Toa mmea chunguni, ondoa udongo wa zamani, na ukate shina la chini linalounganisha matunguu kwa kisu kilichopitishwa motoni, ukihakikisha kila kipande kina matunguu matatu na angalau chipukizi moja. Pitisha kisu motoni tena kabla ya kugusa mmea mwingine, maana virusi vya okidi huhamia kwa utomvu unaobaki kwenye kisu na havina dawa. Paka majeraha vumbi la mkaa, acha kivulini siku moja, ndipo upande. Yale matunguu ya nyuma yasiyo na majani yasitupwe. Yazike nusu katika makumbi yenye unyevu, na mengi yatachipua.

Mbegu ni habari nyingine. Mbegu ya okidi ni kama vumbi na haina akiba ya chakula, hivyo porini haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha. Mfaransa Noël Bernard aliligundua hilo mwaka 1899, na mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kwamba mbegu inaweza kuota bila kuvu ikipewa sukari na madini katika chupa isiyo na vijidudu. Vitalu vikubwa hufanya hivyo hadi leo. Nyumbani, njia pekee niliyoiona ikifaulu ni kunyunyiza mbegu za Spathoglottis juu ya udongo wa chungu cha mama yake na kungoja kwa miezi mingi.

18. Majani machanga yanaoza katikati na kunuka. Itapona?

Mara nyingi, ukiwahi. Haya ni maozo ya bakteria au kuvu, na huja wakati wa mvua za Mei na Juni. Kata sehemu yote iliyolainika mpaka ufikie mahali pagumu na pasafi, paka mkaa, weka mmea penye hewa na pasipofikwa na mvua, na usimwagilie kwa juma zima. Tunguu likiwa gumu, mmea upo hai hata ukiwa hauna jani. Tunguu likibonyea kama embe bovu, litupe mbali pamoja na udongo wake.

19. Kuna wadudu weupe kama pamba kwenye mikunjo ya majani, na maua yanaliwa usiku.

Weupe wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya mche, kijiko kidogo cha sabuni iliyokunwa kwa lita moja ya maji, kila siku ya nne kwa majuma matatu. Waangalie sisimizi pia, kwa kuwa huwalinda wadudu hao na kuwahamisha. Anayekula maua usiku karibu kila mara ni konokono. Toka na taa saa tatu usiku baada ya mvua, umwokote kwa mkono. Usimwage chumvi kuzunguka chungu.

## Hali zisizo za kawaida

20. Eulophia speciosa yangu imeacha kutoa majani mapya na yaliyopo yamekauka. Imekufa?

Ikiwa ni kiangazi na matunguu ni magumu, imelala tu. Ipe maji kidogo mara moja kila majuma mawili, usiitie mbolea, na usiifukue kuitazama. Itaamka na mvua. Hili ndilo linalowashinda watu: huimwagilia kwa huruma ikiwa usingizini, nayo huoza. Spathoglottis hailali kwa namna hiyo, kwa hiyo ikipoteza majani yote tafuta sababu katika maswali ya 8 na 18.

21. Punda amekula majani yote, na paka wamefanya chungu kuwa choo chao.

Punda akila majani na kuacha matunguu, Spathoglottis huchipua upya baada ya majuma machache. Ipe kivuli na maji ya kiasi. Panga vyungu juu ya baraza au nyuma ya mlango, kwa kuwa punda aliyeonja atarudi.

Mkojo wa paka una chumvi na amonia na huunguza mizizi haraka. Osha udongo kwa maji mengi kama nilivyoeleza katika swali la 8, au ubadilishe wote, kisha funika uso wa chungu kwa vipande vya vifuu vilivyopangwa kwa karibu. Paka hapendi kuchakura palipo pagumu.

22. Tunaishi karibu na Arabuko-Sokoke. Kuna ubaya Spathoglottis ikijisambaza yenyewe?

Upo, na ningependa kila mkulima aliye jirani na msitu alichukulie jambo hili kwa uzito. Spathoglottis plicata huweza kujichavusha bila msaada wa mdudu, hutoa vitumba vyenye maelfu ya mbegu, na upepo huzibeba. Huko Puerto Rico imeingia porini na kuongeza fukusi ambao huishambulia pia okidi ya asili ya pale. Kata vitumba kabla havijageuka kahawia, na mabaki ya kugawa yasitupwe kichakani.

23. Je, vanila nayo ni okidi ya ardhini?

Vanila ni okidi inayotambaa: huanza na mizizi udongoni, kisha hupanda mti na kuota mizizi mingine njiani. Udongo wa swali la 5 unaifaa, ikiongezewa mboji na mti wa kuegemea penye kivuli. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu na nje ya nchi yake ya asili huhitaji kuchavushwa kwa mkono, kwa njia iliyobuniwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, kijana mtumwa aliyekuwa na umri wa miaka 12. Pwani yetu ina vanila yake ya porini isiyo na majani, Vanilla roscheri, nayo inahusika na jibu la swali la 4.

24. Ninasafiri kwa mwezi mzima. Niiache vipi?

Mpe jirani, pamoja na maji ya kuimwagilia. Okidi nyingi zilizoachwa hufa mikononi mwa jirani mwema aliyeimwagilia kila siku kwa maji ya kisima chake. Ikiwa hakuna wa kumwachia, loweka chungu vizuri, kiweke kivulini mahali pasipo upepo, funika udongo kwa makumbi yaliyooshwa, na uitoboe chupa ya plastiki tundu dogo la sindano kwenye kifuniko, uijaze maji ya mvua na kuisimika kichwa chini udongoni. Wakati wa kusi hilo hutosha Spathoglottis kwa siku kumi na tano hivi. Wakati wa kaskazi halitoshi. Eulophia petersii iache ilivyo.